Kujenga Roboti ya Telegram Inayokumbusha Tabia za Afya kwa Saa za Kwetu

Roboti inayoelezwa hapa ina kazi moja ndogo. Kwa saa ambayo mtumiaji mwenyewe ameichagua, humtumia ujumbe mfupi wa Kiswahili unaomkumbusha tendo moja la afya, humwachia vitufe vitatu vya kujibu, kisha hunyamaza hadi kesho yake. Niliijenga ya kwanza kwa ajili ya kikundi chetu cha mazoezi hapa Dodoma, watu wa Nzuguni na Ilazo ambao kila Ijumaa jioni tulikubaliana kukutana Jumamosi saa 12 asubuhi, na kila Jumamosi tukajikuta watu saba tu. Tangu wakati huo nimeijenga upya mara tatu, na sehemu kubwa ya marekebisho ilihusu saa, maneno na kimya, kuliko programu yenyewe. Kwa hiyo nitapita haraka kwenye mambo ambayo kompyuta huyamaliza vizuri, na nitakaa zaidi pale ambapo nilikosea.

Neno moja kabla ya kuendelea. Vijana wa kompyuta huiita programu ya aina hii "boti", lakini ukimwambia mzee wa Chamwino kwamba una boti inayomkumbusha kutembea, atakuuliza unaiegesha bwawa gani. Nimeamua kusema roboti.

Kwa nini Telegram

Ni kweli kwamba jirani zako wengi wako WhatsApp, na ingekuwa rahisi kuwafuata huko. Tatizo ni kwamba huduma ya WhatsApp ya kutuma ujumbe kwa programu imetengenezwa kwa ajili ya biashara. Saa 24 zikipita tangu mtumiaji alipokuandikia mara ya mwisho, huwezi kumtumia chochote isipokuwa ujumbe wa kiolezo kilichoidhinishwa mapema, na ujumbe huo unalipiwa. Kikumbusho, kwa asili yake, humwendea hasa mtu aliyekaa kimya, kwa hiyo kitaangukia kwenye malipo. Kuna programu za pembeni zinazodai kuendesha namba ya kawaida ya WhatsApp kama roboti. Usizitumie, kwa sababu namba inaweza kufungiwa, na ukifungiwa unapoteza pia mazungumzo yako na watu wako.

Telegram ilifungua mlango wake wa roboti mwezi Juni 2015, na kwa matumizi kama haya ni bure. Ina sharti moja ambalo wengine huliona kero, nami naliona adabu: roboti haiwezi kuanza mazungumzo na mtu. Ni lazima mtu aifungue mwenyewe na kubonyeza kitufe cha kuanza. Roboti haipigi hodi kwa watu, inasubiri kuitwa.

Chagua tendo kabla ya kugusa kompyuta

Mjenzi mgeni huanza na orodha ndefu: maji, matunda, mazoezi, usingizi, chumvi, kunawa mikono, vyote kwa siku moja. Mtu anayepokea vikumbusho saba kwa siku atazima mlio kabla juma halijaisha, na roboti iliyozimwa mlio ni kama iliyokufa, ila bado inakula umeme wako. Mpe kila mtumiaji tendo moja, na ulieleze kama jambo linaloonekana kwa macho. "Kula vizuri" hakuonekani. "Weka mboga za majani kwenye sahani ya mchana" kunaonekana, na jioni mtu anaweza kujibu kwa ndiyo au hapana bila kujidanganya.

Mazingira ya kwetu yanatoa matendo ambayo roboti iliyotengenezwa ughaibuni isingeyafikiria. Wilaya ya Kongwa imefanyiwa utafiti wa trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, kwa miongo kadhaa, na usafi wa uso ni moja ya nguzo nne za mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya ugonjwa huo, pamoja na upasuaji, dawa na uboreshaji wa mazingira. Mama mwenye watoto wadogo anaweza kukumbushwa kuwanawisha uso asubuhi, na ujumbe useme wazi kwamba kikombe kimoja cha maji kinatosha uso wa mtoto, kwa kuwa hapa ndoo ya maji ina hesabu yake. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu; kwa hiyo msimu wa mavuno ni wakati wa kumkumbusha mkulima kuanika mahindi na karanga juu ya turubai na kutoanika kwenye udongo mtupu, na kuchambua punje zenye ukungu kabla ya kusaga. Kikumbusho hicho hakina maana mwezi Januari, wakati shamba ndiyo kwanza linapaliliwa.

Kwa mazoezi, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma kwa mtu mzima. Dakika 30 za kutembea kwa haraka, siku tano, zinafikisha 150. Naona ni afadhali kuhesabu dakika kuliko hatua. Zile hatua 10,000 zinazotajwa kila mahali zilianza kupata umaarufu nchini Japani mwaka 1965, kupitia kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa kwa jina la Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la bidhaa kabla halijawa ushauri. Kwa chumvi kiwango ni chini ya gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, na tendo lake ni kuonja chakula kwanza kabla ya kuongeza. Kwa maji usiweke idadi ya glasi. Jua la Dodoma linakausha kweli, lakini baadhi ya wagonjwa wa figo na wa moyo wameagizwa na madaktari wao kupunguza maji, na roboti haiwajui.

Tendo likishapatikana, lifunge kwenye jambo ambalo mtu tayari hulifanya kila siku. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London, uliotolewa mwaka 2009, uliwafuatilia watu 96 ambao kila mmoja alichagua tendo moja la kula, kunywa au mazoezi, akalifanya baada ya tukio lile lile la kila siku kwa majuma 12. Makadirio ya muda wa tendo kuwa mazoea yalikuwa siku 66 kwa mtu wa katikati, lakini kati ya mtu na mtu yalitofautiana kutoka siku 18 hadi 254. Kutoka hapo nilichukua mambo mawili: kwanza, roboti isiulize "saa ngapi" peke yake, bali iulize "baada ya kufanya nini", pili, isiahidi kwamba baada ya siku 21 mambo yatakuwa rahisi.

Mfano wa hapa nchini wa ujumbe unaofuata hali ya mtu ni huduma ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza mwaka 2012, ambapo mama mjamzito alituma neno MTOTO kwenda 15001 na kupokea ujumbe wa bure uliolingana na umri wa mimba yake. Nguvu yake ilikuwa hapo hapo: mama wa wiki ya 12 na mama wa wiki ya 36 hawakupokea ujumbe mmoja.

Kusajili na kuwasha

Sehemu hii ni fupi. Ndani ya Telegram tafuta BotFather, roboti ya Telegram yenyewe inayosajili roboti nyingine, hakikisha ina alama ya uthibitisho, kisha iandikie /newbot. Itakuuliza jina la kuonekana, halafu jina la utambulisho ambalo ni lazima liishie na herufi "bot". Ukimaliza, utapewa tokeni, yaani mfuatano mrefu wa tarakimu na herufi. Mwenye tokeni ndiye mwenye roboti, kwa hiyo usiipige picha ukaituma kwenye kundi, na usiiandike ndani ya msimbo (maandishi ya programu) utakaouweka hadharani. Iweke kwenye mazingira ya mfumo, yaani mipangilio ya kompyuta iliyo nje ya msimbo, programu iisome kutoka huko. Ikivuja, mwandikie BotFather /revoke na upewe nyingine. Tumia pia /setdescription kuweka maelezo ambayo mtu huyaona kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza: nani anaiendesha roboti, inatunza nini, na namna ya kujitoa.

Kwenye kompyuta unahitaji Python, lugha ya kuandikia programu, na maktaba (mkusanyiko wa msimbo ulioandikwa tayari) ya python-telegram-bot, ambayo huwekwa pamoja na kipanga-ratiba chake kwa amri hii:

pip install "python-telegram-bot[job-queue]"

Kuna njia mbili za roboti kupata ujumbe. Ya kwanza ni roboti yenyewe kwenda Telegram kila mara kuuliza kama kuna barua. Ya pili ni Telegram kuileta barua hadi kwenye anwani ya seva yako, yaani kompyuta inayowaka muda wote kwenye intaneti. Anza na ya kwanza, kwa sababu inafanya kazi hata kwenye intaneti ya simu au modemu ya nyumbani, ambapo huna anwani ya kudumu. Barua ambazo hazijachukuliwa Telegram huzitunza kwa muda usiozidi saa 24, hivyo umeme ukikatika usiku kucha bado utazikuta asubuhi.

Saa, mahali ambapo roboti nyingi hupotea

Juma la kwanza la roboti yangu, kikumbusho cha saa 12 asubuhi kiliwafikia watu saa 3 asubuhi, wakiwa tayari ofisini Mtumba au wamefungua vibanda Majengo. Mmoja alinijibu kwamba roboti yangu ni mvivu kuliko yeye. Seva niliyokodi ilikuwa ikihesabu kwa saa za UTC, ile saa ya kimataifa ya marejeo, nasi tuko mbele ya saa hizo kwa saa tatu. Dawa yake ni kuitajia programu ukanda wa saa kwa jina, Africa/Dar_es_Salaam, katika kila kikumbusho, bila kutegemea saa ya mashine.

Kosa la pili ni la kwetu zaidi. Mtumiaji akiandika "saa 1", anamaanisha 07:00 au 19:00, lakini programu isiyofundishwa itasoma 01:00 na kumwamsha mtu usiku wa manane ili anywe maji. Hapa unahitaji kipande kidogo cha kutafsiri saa ya Kiswahili:

from datetime import time
from zoneinfo import ZoneInfo

ENEO = ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam")

def saa_ya_mashine(saa, kipindi):
    if kipindi in ("alfajiri", "asubuhi"):
        return (saa + 6) % 12
    if kipindi in ("mchana", "jioni"):
        return saa + 6
    return (saa + 18) % 24

Kwa kanuni hiyo saa 11 alfajiri inakuwa 05:00, saa 12 asubuhi inakuwa 06:00, saa 7 mchana inakuwa 13:00, saa 12 jioni inakuwa 18:00, na saa 3 usiku inakuwa 21:00. Kipande hiki hakikatai upuuzi kama "saa 8 asubuhi", kwa hiyo ni bora usimwachie mtu aandike. Mpe kwanza vitufe vya alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, kisha mwoneshe saa zinazoingia katika kipindi alichochagua tu. Kuandika kwa mkono kuna tabu nyingine pia: mtu ataandika "saa moja na nusu", mwingine "1:30", mwingine "saa moja unusu", na wote wako sahihi.

Kosa likitokea, kipimo cha haraka ni hiki. Ujumbe ukichelewa kwa saa tatu kamili, tafuta kosa kwenye ukanda wa saa. Ukikosea kwa saa sita kamili, programu imeisoma saa ya Kiswahili kama ya Kizungu.

Kikumbusho chenyewe hupangwa hivi, ndani ya sehemu inayopokea chaguo la mtumiaji (namba hapa ni utambulisho wa mazungumzo yake, na saa ni ile iliyokwisha tafsiriwa):

async def kumbusha(context):
    await context.bot.send_message(
        chat_id=context.job.chat_id, text=context.job.data)

context.job_queue.run_daily(
    kumbusha,
    time=time(saa, dakika, tzinfo=ENEO),
    chat_id=namba, name=str(namba), data=ujumbe)

Mtumiaji akibadili saa, tafuta kikumbusho chake cha zamani kwa jina lile lile na ukiondoe kabla ya kuweka kipya. Usipofanya hivyo atapokea viwili, na atadhani unamsimanga. Kumbuka pia kwamba kipanga-ratiba hiki husahau kila kitu programu inapozimwa, kwa hiyo saa za watu zihifadhiwe kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya kudumu ya taarifa, na programu izisome upya kila inapowaka. Ukitaka kuchagua siku za juma, angalia hesabu yake: kuanzia toleo la 20, maktaba hii huanza na Jumapili kama 0, hivyo Jumatatu, ambayo kwa jina lake kwetu ni siku ya tatu, kwake ni 1, na Jumamosi ni 6.

Zaidi ya saa ya siku kuna majira. Mwezi wa Ramadhani, kumwambia aliyefunga anywe maji saa 7 mchana ni utovu wa adabu hata kama aliyesema ni mashine. Weka amri ya /nimefunga, ambayo huhamisha vikumbusho vya maji na chakula hadi baada ya futari na wakati wa daku. Usiweke tarehe za mwezi huo ndani ya programu, kwa kuwa mwandamo hufuatwa kwa kuonekana. Mwache mtu abonyeze mwenyewe anapoanza na anapomaliza. Amri hiyo hiyo itawafaa Wakristo wanaofunga wakati wa Kwaresima. Mtu mwenye kisukari akiiuliza roboti kama anaweza kufunga, imwelekeze kwa wahudumu wa kliniki yake, bila kuongeza neno. Halafu kuna Juni na Julai, baridi ya asubuhi na ule upepo wenye vumbi ambao kila mkazi wa Dodoma anaujua, ambapo waliochagua kutembea alfajiri huanza kukosa. Mwanzoni mwa majira hayo roboti iulize mara moja kama mtu angependa kuhamia jioni. Kwetu nusu ya kikundi ilihama.

Maneno ya ujumbe

Telegram inaruhusu herufi 4,096 katika ujumbe mmoja. Tumia kama 150. Mtu anasoma sehemu inayoonekana kwenye kioo cha simu iliyo mfukoni mwa dereva wa bodaboda au juu ya meza ya mama lishe, na hatafungua zaidi.

Ujumbe wangu wa kwanza ulisomeka hivi: "Je, wajua kwamba kutofanya mazoezi huongeza hatari ya magonjwa yasiyoambukiza? Chukua hatua sasa!" Wote walikuwa wanajua, na hakuna aliyechukua hatua. Ujumbe uliobaki hadi leo unasema: "Mama Neema, chai imeshanyweka? Viatu viko mlangoni, dakika 30 zinatosha." Wa pili unataja tukio la kila siku, kitu kinachoshikika na kiasi cha kazi, na haumtishi mtu kwa ugonjwa. Jina Mama Neema hapo ni mfano tu, lakini namna ya kuita ni jambo la kuuliza siku ya kwanza. Roboti haijui umri wa mtu. Ikimwita mzee kwa jina lake la kwanza peke yake, kama benki zinavyofanya kwenye ujumbe wa simu, inasikika kama mtoto asiyefunzwa. Na ikimwamkia kila mtu "Shikamoo", kijana wa chuo atadhani anachekwa. Iulize tu: "Ungependa nikuiteje?" Chochote atakachoandika, Baba fulani, Bibi, Mwalimu, kitumike hivyo hivyo.

Andika jumbe zisizopungua kumi kwa kila tendo ili zisirudie kila siku, na umpe mtu mwingine azisome kwa sauti kabla ya kuziweka. Sentensi inayokwama ulimini itakwama hata kwenye kioo. Kama kikundi chako kina wazee wa Kigogo, salamu ya mbukwa mwanzoni itapokelewa kwa tabasamu, lakini usiandike ujumbe mzima kwa lugha usiyoimudu.

Vitufe, kumbukumbu na siku zilizokosekana

Chini ya kila ujumbe weka vitufe vitatu: Nimefanya, Baadaye, na Leo hapana. Kila kitufe hubeba data fupi isiyozidi baiti 64, kwa hiyo weka humo namba ya kikumbusho na alama ya jibu tu. Mtu akibonyeza, programu ni lazima iijulishe Telegram kwamba imepokea, la sivyo kitufe kitaendelea kuzungusha alama ya kusubiri na mtu atabonyeza mara tano. Majibu yahifadhiwe kwenye kanzidata ya SQLite, ambayo ni faili moja tu na inatosha kwa mamia ya watu: jedwali moja la watumiaji na saa zao, jingine la majibu na tarehe zake.

Programu nyingi za tabia huhesabu siku mfululizo na kurudi sifuri ukikosa moja. Mimi nimekataa mtindo huo. Katika ule utafiti wa London, kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa mazoea, lakini mtu aliyefikisha siku 40, akaenda msibani Mpwapwa, akarudi na kukuta sifuri, mara nyingi hana hamu ya kuanza tena. Mwoneshe badala yake: "Siku 19 kati ya 30 zilizopita." Namba hiyo hupanda na kushuka taratibu, kama mambo yenyewe yalivyo.

Mipaka, makosa na sheria

Ukianza kuwa na watu wengi, kumbuka kwamba Telegram inataka roboti isizidi takriban jumbe 30 kwa sekunde kwa watu wote, ujumbe mmoja kwa sekunde kwa mtu mmoja, na 20 kwa dakika ndani ya kundi moja. Ukizidisha utarudishiwa kosa namba 429 pamoja na idadi ya sekunde za kusubiri, zisubiri kweli. Kosa namba 403 mara nyingi maana yake ni kwamba mtu ameizuia roboti. Likitokea, ondoa kikumbusho chake na usimtafute kwa njia nyingine.

Sasa sheria, na hapa naomba msomaji asiruke. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayoisimamia, ambako wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu hutakiwa kujisajili. Taarifa za afya ya mtu huhesabiwa kuwa nyeti. Roboti ya ndugu kumi ni jambo dogo, lakini siku utakapoifungulia ofisi, shule au mtaa, wasiliana na Tume kwanza. Hata kabla ya hapo, kanuni rahisi ni kutouliza usichokihitaji: roboti ya kukumbusha kutembea haihitaji namba ya simu, uzito, wala historia ya shinikizo la damu. Weka amri ya /futa ambayo hufuta kabisa kila kilichoandikwa kumhusu mtu, na uijaribu mwenyewe kuona kama kweli inafuta. Wala usimtumie mwenyekiti wa kikundi orodha ya nani amekosa. Niliombwa orodha hiyo mara mbili, nikakataa mara zote mbili, na nadhani ndiyo sababu watu bado wanabonyeza "Leo hapana" kwa ukweli.

Watu wataizungumzisha roboti kama mtu. Mwingine ataandika kwamba kifua kinambana. Tengeneza orodha fupi ya maneno ya hatari, kama maumivu ya kifua, kuzirai, kutokwa damu na kushindwa kupumua, na kwa maneno hayo jibu liwe moja tu: aende kituo cha afya kilicho karibu sasa hivi, au apige simu 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Kwa swali jingine lolote la ugonjwa, roboti iseme wazi kwamba ni ya kukumbusha na haitoi matibabu. Kuna kishawishi cha kuiunganisha na programu za akili unde ili ijibu kila kitu kwa ufasaha. Kwa roboti ya afya inayosomwa na wazazi wetu, ufasaha wa jibu lisilo sahihi ni hatari kubwa kuliko ukimya.

Mahali pa kuiweka

Unaweza kuiendesha kwenye laptopu ya zamani nyumbani, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, au kwenye seva ya kukodi kwa mwezi. Nimejaribu zote. Ya nyumbani hufundisha zaidi, lakini umeme na bando vikiisha pamoja, asubuhi ya watu wote huenda navyo. Popote itakapokuwa, ipangwe ijiwashe yenyewe baada ya kuzimika, na isitume vikumbusho vilivyopitwa na wakati zaidi ya nusu saa. Kikumbusho cha kutembea alfajiri kinachofika saa 5 asubuhi kwa sababu umeme umerudi kinamwonesha mtu kwamba roboti haimjui. Nakili faili la kanzidata kila usiku mahali pengine.

Ijaribu kwa watu wachache kwa majuma mawili kabla ya kuwaita wengine, nawe uwe mmoja wao kwa saa ile ile waliyochagua wao. Chunguza ni kitufe gani hubonyezwa na kwa saa gani. Kama wengi hubonyeza "Baadaye", saa ndiyo mbaya, na kama hawabonyezi chochote, huenda tendo lenyewe si lao. Kwa mtu aliyekaa siku saba bila kujibu, roboti yangu hutuma ujumbe mmoja: "Naona siku hizi una mambo mengi. Nisubiri, nibadili saa, au niache?" Asipojibu na huo, ratiba yake inazimwa, jina lake linabaki, na siku atakapoandika neno lolote, hata kama ni baada ya miezi minne, roboti inamwamkia kwa lile jina alilojichagulia na kumuuliza angependa waanze saa ngapi.